Hela ya korosho na nishati ya kijani: kabla hujaenda Kariakoo kununua paneli, pita hapa (Mtwara na Lindi)

Fundi wa Chikongola

Wakuu salaam,

Mnada wa kwanza wa korosho ukishapita, simu yangu haitulii. Mtu kalipwa na AMCOS yake (chama chao cha ushirika), ana milioni tatu au nne benki, kasikia redioni kwamba nishati ya kijani ina hela, anataka nimwambie achukue paneli ngapi Kariakoo aje kuuza Newala au Liwale. Mimi ni fundi, ningeweza kumwitikia tu nikala changu kwenye kufunga. Lakini jibu langu ni lile lile na wengi hawalipendi. Kwa kusini yetu hii, mwenye mtaji mdogo asitafute hela kwenye kuuza paneli wala kuuza umeme. Aitafute kwenye gharama ambayo tayari anailipa kila siku, iwe LUKU (umeme wa kulipia kabla), dizeli, petroli au kuni. Ukiipunguza, tofauti inabaki mfukoni mwako na hakuna mteja wa kukukopa.

Nianze na LUKU maana ndiyo inatugusa wengi. Nyumba yenye mita ya D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, inapata uniti 75 za mwezi kwa 9,150, yaani 122 kwa uniti ukishaweka VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati). (Kodi ya jengo ni makato mengine, tusichanganye.) Ukivuka 75, uniti ya 76 ni 350 kabla ya makato, ukijumlisha inakuwa 427. Ukizoea kuvuka unajikuta T1, kundi la matumizi ya kawaida, kule ambako elfu kumi inakupa uniti 28. Sasa chukua nyumba ya T1 inayokula uniti 110 kwa mwezi. Hapo inatoka 39,000 na ushee. Nyumba hiyo hiyo ikishuka hadi 75 na ikarudi D1, inalipa 9,150. Kila mwezi elfu thelathini, kwa mwaka laki tatu na sitini, na hujafunga hata paneli moja. Niambieni biashara gani ya duka inakupa faida hiyo bila kuamka alfajiri.

Hizo uniti 35 zinapotelea wapi? Zamani ningesema taa, ila siku hizi karibu kila nyumba ina balbu za LED. Nyumba nyingi ninazoingia, kuanzia Magomeni mpaka Naliendele hapa Mtwara, mwizi ni friza. Friza la mtumba, kubwa kuliko mahitaji, limebanwa ukutani upande unaopigwa na jua la saa tisa, juu yake pamepangwa masufuria na katoni za soda. Kompresa haizimi. Usiku mmoja zima kila kitu, acha friza peke yake, soma mita, asubuhi soma tena. Friza jipya la wastani kwa joto letu litakula uniti moja, moja na nusu kwa siku nzima. Nimekuta yanayokula tatu na zaidi, na hapo ushamaliza zile 75 zako kabla hujapiga pasi.

Kabla ya kulitupa, kagua mpira wa mlango. Kata kipande cha karatasi ya daftari, kibane mlangoni, funga, kivute. Kikitoka bila kubisha, mpira umekufa na unapoza sebule. Ukipapasa ukingo wa chini utakuta ute mweusi na matone ya maji, hapo ndipo joto linapoingia. Mpira unabadilishwa, wala si gharama ya kukutoa jasho. Livute friza shubiri moja kutoka ukutani ili lipumue. Barafu ya pembeni ikizidi unene wa kidole, yeyusha. Na usilishushe hadi mwisho wa kitufe kwa sababu ya soda tu. Ukishafanya yote hayo halijatulia, ndipo ununue jipya dogo, na hela yake itarudi.

Sasa sola. Hapa nitawaudhi wauzaji wenzangu. Kama nyumba yako ina umeme wa TANESCO na iko D1, sola ya kuendesha nyumba nzima haitakurudishia hela yako. Haiwezi kupambana na uniti ya shilingi 122. Mpinzani wake halali ni lita ya petroli. Kijenereta kidogo kinakula nusu lita, mara nyingi zaidi, ili kikupe uniti moja. Petroli ikiwa 3,000, uniti hiyo ni 1,500 kwenda juu. Zikumbuke namba tatu hizi kabla hujasaini karatasi ya mtu: 122 kwa D1, 356 kwa T1, 1,500 na zaidi kwa kijenereta. Ukijua unalipa ipi, umeshajua kama sola inakufaa.

Kwa hiyo sola inalipa kwa nani huku kwetu? Kwa mwenye kitongoji ambacho nguzo hazijafika. Umeme wa REA umefika kijijini, sawa, na kuunganishwa ni 27,000, lakini vitongoji vingi bado vinaangalia nguzo kwa mbali. Inalipa pia kwa mkulima wa bustani anayevuta maji kwa pampu ya petroli kule bonde la Ruvuma, Kitere, au kandokando ya Lukuledi. Na huyu wa bustani ndiye nampenda kuliko wote, maana sisi mvua zetu ni za msimu mmoja. Kuanzia Mei mpaka Oktoba au Novemba hakuna mvua, jua ni la kutosha, na ndipo nyanya na mchicha vina bei mjini. Jua linakuja pale pale maji yanapohitajika. Pampu ya sola haihitaji betri, unapandisha maji mchana kwenye simtanki lililoinuliwa, jioni unafungulia yanashuka yenyewe. Betri ndiyo kitu cha kwanza kufa kwenye sola yoyote, ukiikwepa umepona nusu ya gharama.

Mashine za kusaga nitazigusa kwa haraka. Mota ya HP 20 ni kilowati 15, ukiweka na upotevu wake itakula uniti 16 au 17 kwa saa ya kusaga mfululizo. Kwa T1 ni karibu 6,000. Injini ya dizeli ya nguvu hiyo hiyo inakunywa lita nne hivi kwa saa. Chukua bei kikomo ya dizeli ya Mtwara ambayo EWURA hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zidisha kwa nne, ulinganishe mwenyewe. Halafu nyundo zikichakaa au mkanda ukilegea, mota inazunguka unga hautoki, unalipia kelele.

La mwisho ni kwa asiyetaka kuchafua mikono. Kuna hatifungani za kijani, yaani unaikopesha taasisi hela yako nayo inakulipa riba. CRDB walitoa ya Kijani mwaka 2023, ya miaka mitano, riba 10.25% kwa mwaka. Tanga UWASA wakatoa yao 2024, ya miaka kumi, riba 13.5%, wakalenga bilioni 53.12 za kuboresha maji, na zikapatikana zaidi ya walizolenga. Zote zimeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo hata leo unaweza kutafuta anayeuza kupitia dalali mwenye leseni ya CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji), ila bei yake si lazima iwe ile ya mwanzo. Milioni moja kwa 13.5% ni 135,000 kwa mwaka. Si haba, na unalala. Lakini rudi juu uone yule wa friza ameokoa ngapi kwa mtaji wa chini ya hapo.

Karibuni. Bei za vifaa siweki hapa, maana zikibadilika mtakuja kunisuta.

Bongolala

Nimekaa mbele kabisa na kahawa yangu. Uzi una madini.

Mwana Newala

Mkuu, umeongea vizuri, ila inauma. Gesi ya Mnazi Bay imegunduliwa tangu 1982, ya Songo Songo tangu 1974. Bomba likajengwa kutoka Madimba likaenda Dar, na 2013 sote tunajua ghasia zilizotokea hapa Mtwara kwa sababu ya hilo bomba. Leo mtu wa kusini anaambiwa ahesabu karatasi kwenye mlango wa friza. Kwa nini tusidai gesi iingie jikoni kwetu kwanza?

Fundi wa Chikongola

Mwana Newala, dai lako liko palepale na sijasema uache. Umeme tunaowasha hapa umetokana na gesi hiyo hiyo kwa miaka mingi. Na zipo nyumba hapa mjini TPDC (shirika la petroli la taifa) wameziunganisha, wanapikia gesi ya bomba, wanasema hawataki kusikia habari ya mkaa. Mwenye bomba mtaani kwake aunganishwe haraka. Ila mimi naongea na wa Kitangari na wa Mnacho ambao bomba haliwafikii mwezi huu wala mwakani. Wao dizeli wanalipa leo.

Halafu habari ya uwanda wa juu wa Makonde mnaijua nyie kuliko mimi. Maji yanasukumwa kutoka chanzo cha Mitema chini huko hadi juu ya uwanda, na kila ndoo inayofika Newala imekula umeme. Nyumba yenye mifereji na tangi la kuvunia mvua inaokoa nishati kubwa kuliko balbu zote za mtaa, ingawa hakuna anayeliita hilo nishati ya kijani.

Mama Barafu

Habari zenu kaka zangu. Mimi nauza barafu na samaki Kilwa Masoko. Nataka kuongeza kitu hapo kwenye betri. Nilipofungiwa friza la sola fundi alitaka kuniuzia betri nne. Nikamwuliza, barafu ikishaganda mchana usiku inakwenda wapi? Nikanunua betri moja tu ya kushikilia kompresa wakati wingu linapita. Mchana friza linafanya kazi kwa jua, nimejaza ndani madumu ya lita tano ya maji ya chumvi pembeni na mifuko ya kuuza katikati. Usiku halifunguliwi kabisa. Juu yake natandika godoro kuukuu. Asubuhi wavuvi wakitoka bahari ya pweza nakuta mifuko bado ni jiwe.

Faida yangu kubwa wala si mifuko ya barafu. Ni samaki. Zamani ikifika saa nne nauza kwa bei anayotaka mchuuzi, kwa sababu jua likipanda samaki ni wake. Siku hizi namwambia aende akirudi tutaongea. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar, waliokuwa na barafu ndio walionusurika na mzigo, sisi wengine tulikuwa tunagawa samaki bure mitaani. Hiyo ndiyo iliyonisukuma.

Fundi wa Chikongola

Dada umemaliza kila kitu. Barafu yako ndiyo betri yako, na haichakai. Yale madumu ya maji ya chumvi naomba watu wayasome mara mbili, maana maji ya chumvi yanaganda kwa baridi zaidi kuliko maji matupu, hivyo yanakaa yakivuta joto la mifuko iliyo katikati. Ila yafungwe vizuri, chumvi ikimwagika ndani ya friza itakula bati.

Shemeji wa Masasi

Hii ya T1 kurudi D1 ni chai, porojo tu. Nani amewahi kurudishwa hapa? Na habari ya mota za kusagia, kijijini kwangu fezi tatu haipo, umeme wenyewe ukikatika wateja wanahamia kwa mwenye dizeli ng'ambo ya barabara. Wewe uko mjini mkuu.

Ligula B

Shemeji, mimi nimerudishwa. Niliandika ombi, wakaangalia manunuzi yangu ya miezi ya nyuma yakawa chini ya 75, wakanihamisha. Ukiomba huku bado unanunua uniti 100, hakuna atakayekusikiliza. Punguza kwanza, kaa hivyo miezi kadhaa, ndipo uende. Na iwe nyumba ya kuishi, si saluni uliyoipa jina la nyumba.

Fundi wa Chikongola

Ligula B ahsante kwa kunisaidia.

Shemeji, kwenye fezi tatu uko sahihi na sina ubishi. Kama laini iliyopita kwenu ni ya fezi moja, mota ya HP 20 usiiote. Hapo njia ni mbili. Ya kwanza, kama wewe na mwenye mashine ya kukoboa, seremala na mchomeleaji mko jirani, andikeni barua ya pamoja. Mteja mmoja wa fezi tatu ni usumbufu kwa mtu yeyote, wanne ni biashara. Ya pili, usiiuze ile dizeli yako. Iache kama akiba, mota ifanye kazi za kila siku, dizeli iwashwe siku ya kukatika. Wanaofanya hivyo hawapotezi mteja na hela ya dizeli imebaki robo ya zamani.

Tandahimba Yetu

Naomba niulize kuhusu maganda ya korosho. Kikundi chetu cha akinamama kinabangua, maganda yamejaa uwanja mzima. Kuna mtu alituambia tuyatumie kupikia badala ya kuni. Tulijaribu, moshi ulitutoa machozi, chakula kikanuka, na mmoja mikono imebabuka. Hiyo nayo ni nishati ya kijani?

Fundi wa Chikongola

Tandahimba Yetu, acheni kupikia chakula kwa maganda mabichi, tena leo. Zaidi ya nusu ya uzito wa korosho ghafi ni ganda, na ndani ya ganda mna mafuta yale yale makali yanayobabua mikono wakati wa kubangua. Ukichoma kwenye figa, mafuta hayaungui yote, yanatoka na moshi na kuingia machoni, kifuani na kwenye sufuria isiyo na mfuniko.

Lakini moto wake ni mkali sana, na viwanda vinaujua. Kiwanda chenye bwela la mvuke lenye chemba iliyofungwa na bomba refu la moshi kinachoma maganda yake chenyewe, kinapata mvuke wa kulainishia korosho na joto la kukaushia karanga, hakinunui kuni wala dizeli. Kikundi kidogo mna njia mbili. Muuze maganda kwa wenye bwela, au mtengeneze mkaa. Mkaa maana yake maganda yachomwe kwanza kwenye pipa lililozibwa hewa mpaka mafuta yatoke yote na kibaki kitu cheusi kikavu, ndipo yasagwe, yachanganywe na uji wa muhogo, yafinyangwe na kuanikwa. Pipa liwe mbali na nyumba, upepo uwe nyuma yako, na glovu zivaliwe. Kama mkaa bado unatoa harufu ya korosho ukiwashwa, haujaiva, rudisha kwenye pipa.

Mzabuni wa Lindi

Hapo kwenye soko niongezee. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilielekezwa ziachane na kuni na mkaa wa miti, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka 80% ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ukifika mwisho wake. Shule za bweni zinahangaika kweli. Wengine wamefunga gesi, wengine mkaa mbadala. Mimi napeleka mkaa mbadala shule mbili. Wapishi hawana habari na mambo ya kijani. Wanauliza utawaka muda gani na utaacha majivu kiasi gani. Tani ya kwanza niliyopelekewa na mtengenezaji ilikuwa na mchanga ndani, ikarudi yote. Kikundi kikiweza kutoa mzigo wa aina moja mwezi hadi mwezi, mteja yupo. Kikileta mzuri leo na mbovu kesho, atarudi kwenye kuni usiku usiku.

Mjukuu wa Mwera

Wakuu, na biashara ya hewa ukaa (kaboni)? Babu ana ekari kumi za mikorosho Rutamba, kuna vijana wamepita wanasema asaini atalipwa dola kila mwaka kwa sababu miti inavuta hewa chafu.

Kilwa Msitu

Mjukuu, babu asisaini kitu. Nimefanya kazi na vijiji vyenye misitu Kilwa, najua kidogo. Biashara ya kaboni hapa nchini ina kanuni zake za 2022, na miradi inasajiliwa kupitia Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kilichopo SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro. Hela inayosikika, kama ya vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi, imetoka kwenye misitu mikubwa ya vijiji ambayo ilikuwa inakatwa na sasa imelindwa. Kinacholipwa ni ule ukataji uliozuiwa, ukapimwa na kuthibitishwa. Mikorosho ya ekari kumi ambayo babu asingeikata hata umtishie panga haina cha kuuza. Na gharama ya kupima na kukaguliwa ingezidi thamani ya hiyo miti mara nyingi.

Kijiji cha Lindi chenye msitu wake na kamati yake ya maliasili iliyo hai, hapo kuna cha kuongea. Na mkataba usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, usisainiwe na mwenyekiti na mtendaji gizani.

Kijana wa Ruangwa

Nyie mnahangaika na jua wakati betri za magari ya umeme ziko chini ya miguu yetu. Kinywe (grafiti) cha Ruangwa ndicho kinachowekwa kwenye betri za lithiamu, na mgodi wa Lindi Jumbo upo Matambalale. Mimi sina hisa, nina mama anayepika chakula cha wafanyakazi na mimi nina bajaji. Hiyo ndiyo nishati ya kijani yangu.

Bongolala

Kijana wa Ruangwa umeua. Madini juu ya madini.

Nachingwea One

Jamani nisaidieni. Kuna programu ya simu, unaweka elfu hamsini unakodisha "paneli" iliyo Ulaya huko, unalipwa elfu mbili kila siku, ukileta watu unaongezewa. Jirani yangu ameshatoa mara tatu na imetoka kweli. Niingie?

Fundi wa Chikongola

Nachingwea One, elfu mbili kwa siku juu ya elfu hamsini inarudisha mtaji ndani ya siku 25. Ile hatifungani ya Tanga inachukua miaka zaidi ya saba kurudisha mtaji kwa riba peke yake, na hiyo ni riba nzuri. Hakuna jua la Ulaya linaloweza kulipa hivyo, hata letu la Nachingwea mwezi wa kumi halilipi hivyo. Jirani amelipwa kwa hela ya aliyeingia baada yake. Waulize leseni ya CMSA au ya Benki Kuu. Watakutumia picha ya cheti cha BRELA. BRELA ni usajili wa jina la kampuni tu, haimpi mtu ruhusa ya kukusanya akiba za watu.

Ligula B

Ndugu yangu wa damu alikuwa kwenye moja ya aina hiyo. Kundi la WhatsApp lilifungwa alfajiri, namba zote hazipatikani. Aliuza korosho kangomba, yaani kwa magendo kabla ya mnada, shambani, bei ya kutupa, ili apate ya kuweka. Msimu ulipofunguliwa anaangalia wenzake wanavyolipwa mnadani. Sitasema zaidi.

Shemeji wa Masasi

Haya fundi, nimekuelewa kwenye akiba ya dizeli. Sasa swali la mwisho. Nimenunua paneli tatu zimeandikwa wati 300 kila moja, bei ilikuwa nzuri mno. Taa zinawaka, ila pampu haisukumi. Shida ni pampu au paneli? Nyumba iko katikati ya mikorosho.

Fundi wa Chikongola

Chukua futi kamba, pima urefu na upana wa kioo kwa mita, zidisha, halafu zidisha kwa 200. Hapo unapata wati ambazo paneli nzuri ya ukubwa huo inaweza kutoa jua likiwa kali, kwa nyingine itazidi kidogo. Paneli ya wati 300 haiwezi kuwa chini ya mita moja na nusu za mraba hivi. Kama yako ina mita moja kwa nusu mita, umeuziwa ya wati 100 iliyobandikwa karatasi ya 300. Duka likikataa kukuachia upime kabla ya kulipa, ondoka.

Kama vipimo viko sawa, angalia mambo haya. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, paneli iangalie kaskazini, iinuliwe kidogo tu ili maji ya mvua yateremke na vumbi. Ukiilaza kuelekea kusini kwa sababu ndiyo upande wa bati uliokuwa rahisi, unapoteza, hasa Juni na Julai. Kivuli cha tawi moja la mkorosho kwenye kona ya paneli kinaweza kuangusha safu nzima, kwa hiyo kata tawi au hamisha.

Na kama ulipuliza salpha, ile dawa ya unga ya mikorosho, Juni mpaka Agosti, hapo ndipo mchawi wako alipo. Pita kidole kwenye kioo, utaona unga wa manjano umeshikana na umande. Osha kwa maji na kitambaa laini asubuhi mapema kabla kioo hakijapata moto, maji ya baridi kwenye kioo cha saa saba yanaweza kukipasua. Usitumie brashi ya chuma wala sabuni ya unga. Kwa walio karibu na bahari, Shangani, Mikindani, Kilwa, badala ya salpha nyinyi mna chumvi. Inaotesha kutu kwenye boliti na kichwa cha waya, tumieni boliti za chuma kisichoshika kutu na mpake grisi kwenye maungio.

Shemeji, ukipima niandikie hapa urefu na upana. Picha ya lebo ya nyuma nayo iweke.

Shemeji wa Masasi

Sentimita 119 kwa 54. Nisiseme neno.

Fundi wa Chikongola

Hiyo ni wati 120, 130 ikijitahidi. Zote tatu hazifiki 400. Risiti unayo? Irudishe dukani ukiwa na futi mkononi. Wakikataa, nenda ofisi ya biashara ya halmashauri au FCC (Tume ya Ushindani). Wakati unasubiri, unganisha zote tatu kwa pampu ndogo inayolingana nazo, mchicha usikauke.